Maji moto ya SQ: uvute bomba kutoka nyumba kubwa au uiwekee hita yake?

Swali hili huja kila mwaka Juni ikiingia na baridi. Nyumba kubwa ina sola ya lita 200 juu ya paa, maji moto yanabaki, na kule nyuma kuna SQ, ile nyumba ndogo ya mfanyakazi au mpangaji, ambayo anayeishi humo bado anachemsha maji kwa sufuria. Si uvute bomba tu? Mara nyingine ndiyo. Mara nyingine unachimba mtaro wa pesa nyingi, kisha unazika joto lako ardhini. Ploti mbili zinazopakana zinaweza kuhitaji majibu tofauti kabisa.

Njia zinazopatikana Nairobi ni nne hasa. Ya kwanza ni kuvuta bomba la maji moto kutoka tangi la nyumba kubwa, liwe la sola au la stima. Ya pili ni shawa ya stima, ile ya plastiki inayokaa juu ya kichwa na kupasha maji yakipita. Ya tatu ni hita ya gesi ya ukutani, inayowaka ukifungua bomba. Ya nne ni sola ndogo ya SQ yenyewe. (Wenye nyumba za zamani za Karen au Tigoni watauliza kuhusu kuni busta, lile pipa la nje linalopashwa kwa kuni. Kama unalo na kuna mtu wa kulikoleza, lihesabu kwenye njia ya kwanza, kwa maana nalo ni tangi na bomba.)

Nitazipima zote kwa mambo yaleyale: umbali, presha ya maji, waya wa stima, gharama ya kuoga mara moja, Julai, usalama, na nani atalipa. Umbali nimeupa nafasi kubwa makusudi. Ndio unaosahaulika fundi anapotoa bei, kwa sababu yeye anahesabu mita za bomba na hatakuwepo saa kumi na moja asubuhi mtu anaposimama uchi akingoja maji yapate moto.

Umbali

Chukua futi ya fundi upime njia ambayo bomba litapita kweli: kutoka tangini, kushuka ukutani, kuzunguka karo, kupita chini ya mahali gari linapoegeshwa, hadi bafu la SQ. Kwenye ploti ya 50 kwa 100, ambayo urefu wake ni kama mita 30, njia hiyo hufika mita 20 bila shida.

Bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la milimita 25 hubeba karibu robo lita kwa kila mita. Kwa mita 20 hizo ni lita 4 hadi 5 za maji baridi ambayo lazima yatoke kabla ya moto kufika. Shawa ikitoa lita 6 kwa dakika, unangoja karibu dakika nzima, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa bomba lenyewe hula joto la maji ya kwanza. Kwenye mtaa unaopata maji kwa zamu, kumwaga lita 5 kila mtu akioga si mchezo. Mtu mwangalifu atayakinga kwa ndoo ya kupigia deki.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana. Ukimaliza kuoga, lita zilezile 4 au 5 zinabaki bombani zikiwa moto, na zinapoa taratibu. Kwa hiyo ratiba ya kuoga ina uzito kuliko idadi ya watu. Watatu wakioga wakifuatana, hasara ni moja. Watatu wakioga saa tofauti, hasara ni tatu. Fundi mjanja atakushauri bomba la milimita 20, ambalo kwa mita 20 hubeba chini ya lita 3. Ni ushauri mzuri kwa shawa moja, mradi presha yako inaruhusu.

Bomba la maji moto linalozikwa lazima livalishwe povu jeusi la kuhifadhi joto, na povu hilo likilowa halisaidii tena. Kwa hiyo lipitishe ndani ya bomba kubwa la PVC la maji taka, liwe ala yake. Gharama inapanda hapo, na wengi hukata kona hapo. Udongo nao una neno. Karen, Lavington na upande wa Kikuyu kuna udongo mwekundu unaotulia. Ukiwa South C, Embakasi au Syokimau, uko juu ya udongo mweusi wa pamba, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na kila mwaka unavuta viungo vya mabomba. Hapo bomba lililovalishwa ala linapata nafasi ya kucheza.

Ukiamua kulipitisha juu ya ukuta badala ya kuchimba, kumbuka PPR ya kawaida hurefuka sana ikipata joto. Mita 20 zikipanda nyuzi 40, bomba linataka kurefuka sentimita 12. Bila kona au mzingo wa kulipa nafasi, utaliona limepinda kama nyoka kati ya klipu na klipu. PPR yenye ngozi ya alumini ndani yake hurefuka kama sehemu moja ya tano tu ya hapo. Inagharimu zaidi, ila kwa bomba la nje naona inastahili.

Kuna wanaofunga pampu ndogo ya kurudisha maji tangini ili bomba liwe moto muda wote. Inaondoa kungoja, lakini bomba hilo sasa linapoteza joto saa zote pampu inapozunguka. Pampu yenye saa ya kuiwasha asubuhi na jioni tu inavumilika. Kwa nyumba yenye SQ moja, mimi singeifunga.

Njia nyingine tatu hazina kesi ya umbali wa maji. Hita ya gesi hukaa nje ya ukuta wa bafu, sola ya SQ huwa mita chache tu juu yake, na shawa ya stima iko papo hapo. Umbali wa shawa ya stima ni wa waya, na huo tutaufikia.

Presha

Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji tangini na shawa hukupa presha ya baa 0.1. Bomba kutoka nyumba kubwa lina bahati hapa, maana SQ kwa kawaida iko chini kuliko tangi la nyumba ya ghorofa. Tatizo hutokea maji baridi ya SQ yanapotoka kwingine, tuseme kwenye pampu, huku moto ukishuka kwa uzito wake tu kutoka sola. Ukifungua vyote viwili, baridi inasukuma moto urudi nyuma, na unaoga baridi huku sola imejaa. Dawa ni kutoa moto na baridi kwenye tangi moja, au angalau kufunga valvu ya njia moja kwenye moto.

Shawa ya stima haihitaji mengi. Mita moja au mbili juu ya kichwa chake kwa kawaida huiwasha. Hita ya gesi ni mchaguzi zaidi. Soma kibandiko chake uone presha ya chini inayokubali, kwa sababu tangi likiwa juu kidogo tu ya paa la SQ, moto hautashika. Pima kwanza: jaza mtungi wa lita 20 kwenye bomba la bafu. Ukijaa kwa dakika 3, una kama lita 6 au 7 kwa dakika, na hiyo inatosha hita ndogo. Ukichukua dakika 8, gesi isahau mpaka uinue tangi.

Sola ya SQ inadai kitu kimoja tu: tangi la maji baridi liwe juu kuliko tangi la sola. SQ nyingi zina tangi dogo juu ya paa lake lenyewe, na sola ikiwekwa hapohapo haijai. Ama uilishe kutoka tangi la nyumba kubwa, ama ujenge mnara.

Na paa lenyewe? Lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu chuma na vioo. Paa la mabati lililoshikiliwa na mbao nyembamba halikujengwa kwa mzigo huo. Mara nyingi ni afadhali kuisimamisha sola juu ya fremu ya chuma kando ya SQ.

Waya wa stima

Shawa ya stima ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta ampea 23. SQ nyingi zililetewa stima kwa waya wa milimita 2.5 uliotolewa kwenye soketi ya nyumba kubwa, na kuna zilizopewa wa 1.5. Waya kama huo ulikusudiwa taa, redio na pasi. Ukiupa shawa, shika ukuta karibu na swichi baada ya mtu kuoga, uone unavyopata moto. Swichi ya shawa iliyogeuka rangi ya kahawia upande mmoja, plastiki ikianza kulainika, ni kitu utakachokikuta kwenye SQ nyingi za jiji hili. Kwa shawa unahitaji waya wake peke yake kutoka kwa bodi, wa milimita 4 kwa umbali mfupi na 6 kwa mrefu, na sakiti breka yake. Mita 25 za waya wa 6 zinaweza kukugharimu kuliko shawa yenyewe. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Kuna njia ya kati isiyotajwa sana: hita ndogo ya tangi la lita 30, ya wati 1,500. Inavuta ampea 6 tu, waya wa kawaida unaiweza, na unaiwasha nusu saa au saa moja kabla ya kuoga. Anafaidi mtu mmoja au wawili, basi.

Gesi haihitaji stima. Nyingi huwashwa kwa betri kubwa mbili. Sola nayo haihitaji, isipokuwa koili, yaani hita ya stima iliyo ndani ya tangi lake, ya kusaidia siku za mawingu. Bomba kutoka nyumba kubwa halihitaji waya wowote mpya, na hilo ni jambo kubwa kama waya wako ni mbovu na huna nia ya kuubadilisha.

Gharama ya kuoga mara moja

Tuchukue mtu anayetumia lita 30 zinazopashwa kutoka nyuzi 18 hadi 40. Hizo ni karibu uniti 0.77 za stima. Ukihesabu shilingi 30 kwa uniti, ni shilingi 23. Wawili wakioga kila siku, mwezi unakula uniti 46. Angalia zinakoangukia: madaraja ya bei ya Kenya Power hubadilika kwenye uniti 30 na 100, kwa hiyo nyumba iliyokuwa inatumia 80 itavuka mia kwa sababu ya SQ tu, na kila uniti itapanda bei.

Gesi, ukinunua mtungi wa kilo 13 kwa shilingi 3,200, mtu huyohuyo anaoga kwa kama shilingi 18. Mtungi mmoja unatosha kuoga kama mara 180.

Sola ikishalipiwa, siku ya jua ni bure. Ila kulipia ndiko kazi: shawa ya stima ni ya elfu chache, hita ya gesi ni mara kadhaa ya hiyo, na sola inaziacha zote mbali. Kwa mtu mmoja SQ, itachukua miaka mingi kujilipa.

Bomba ni bure ikiwa tu unatumia maji ya sola ambayo yangebaki. Koili ya nyumba kubwa ikiwaka jioni kwa ajili ya SQ, unalipa zile shilingi 23 na kama 6 zaidi za joto lililobaki bombani. Kabla ya kuchimba, chunguza kama kweli yanabaki: kwa wiki moja yenye mawingu, koili ikiwa imezimwa, fungua maji moto ya jikoni kila usiku kabla ya kulala. Kanuni za mwaka 2012 za maji moto ya sola zililenga nyumba zinazotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, na wajenzi wengi walifunga matangi ya kutosha familia ya ndani, pasipo kuhesabu watu wa SQ. Mtu mmoja wa kule nyuma atachukua kama lita 16 za maji ya nyuzi 60, pamoja na zile za bombani.

Julai

Hapa ndipo sola hukosa uso. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta lakini juu, kwenye mita 1,700 hivi, na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12, asubuhi mawingu yamefunika mpaka adhuhuri. Sola ya mirija ya vioo hustahimili kuliko ile bapa, lakini zote zitaomba koili. Kwa hiyo anayevuta bomba la sola kwa ajili ya baridi ya Julai ajue analivuta kwa mwezi ambao nyumba kubwa yenyewe itakuwa inagombania maji hayo.

Shawa ya stima itapasha, ila ufunge bomba kidogo: wati 5,500 zikipandisha maji nyuzi 22 hutoa lita 3 na nusu kwa dakika. Februari, maji yakiwa na joto lake, utapata zaidi ya 4. Gesi ndiyo isiyojali mwezi, mradi mtungi usiishe ukiwa na povu kichwani.

Na kupasha chumba? Wachache huuliza kama maji hayohayo yanaweza kupitishwa kwenye redieta za SQ, kama nyumba za Ulaya. Tangi la lita 200 likishuka kutoka nyuzi 60 hadi 35 linatoa uniti 6 za joto, ambazo chumba cha mabati kisicho na dari kitazimaliza jioni moja, na kesho hakuna wa kuoga. Weka dari kwanza, ziba uwazi kati ya ukuta na mabati, kisha hita ndogo ya stima ya saa mbili itatosha. Jiko la makaa lisiingie ndani, hata likiwa limebaki kaa moja. Hewa ya sumu inayotoka kwake haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala.

Usalama

Sumu hiyohiyo ndiyo sababu hita ya gesi haifungwi ndani ya bafu. Ifunge nje, chini ya kipaa cha kuizuia mvua, mtungi nao ukae nje. Ukikuta SQ ambayo hita iko ndani na dirisha limezibwa kwa gazeti kwa sababu ya baridi, iondoe leo.

Shawa ya stima nyingi zina koili inayogusa maji moja kwa moja. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha stima zaidi na kula koili haraka, ndiyo maana madukani kuna aina ya maji ya chumvi, ulizia hiyo. Hata hivyo usifunge yoyote bila waya wa athi na breka inayokata stima ikivuja. Ukihisi vidole vinawasha ukigusa bomba, zima na umwite fundi.

Sola, iwe ya SQ au ya nyumba kubwa, huweza kukaribia kuchemsha Januari na Februari. Kama kuna mtoto, weka valvu ya kuchanganya inayozuia moto kupita kiasi. Kwa bomba refu hatari hii ni kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani: maji yanatoka baridi kwa dakika nzima, mtoto anafungua yote, kisha moto unafika kwa ghafla.

Nani analipa

SQ ya mpangaji na SQ ya mfanyakazi wa nyumbani si kitu kimoja. Maji moto ya bomba ni vigumu kuyapimia. Mpangaji atayatumia, na wewe utalipa koili. Shawa ya stima yenye mita yake ndogo, au mtungi wa gesi anaoujaza mwenyewe, humaliza ubishi. Kwa mfanyakazi, au kijana wako aliyemaliza chuo, bomba au sola haina hesabu za kukorofishana. Usimpe mfanyakazi gesi ambayo anapaswa kuijaza kwa mshahara wake, kwa sababu atarudi kwenye sufuria.

Kwa hali yako

SQ ikiwa imegusana na nyumba kubwa au iko chini ya mita 8 kwa njia ya bomba, na sola yako hubakiza maji hata wiki ya mawingu, vuta bomba la milimita 20 lililovalishwa vizuri.

Ikiwa ni mita 15 na zaidi, na anayeishi huko ni mmoja anayeoga mara moja alfajiri, bomba litakuwa linapasha udongo. Waya ukiwa mzuri, shawa ya stima. Waya ukiwa mzima lakini wa kawaida tu, na hutaki kuchimba, hita ya lita 30.

Mpangaji, watu wawili au watatu, na presha ya kutosha: gesi nje ya ukuta. Hivyo pia kwa mtaa ambao stima hupotea kila mvua ikinyesha.

Familia nzima ndani ya SQ, au unajenga sasa na ukuta bado haujapigwa plasta: sola yake, na mnara wa tangi uwe juu ya kutosha tangu mwanzo. Ukijenga, hata kama pesa ya sola haijapatikana, pitisha bomba la moto ndani ya kuta na uache mwisho wake juu ya paa ukiwa umezibwa. Pitisha pia waya wa milimita 6 hadi bafuni. Kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni bei nyingine.

Nawe unayepangisha nyumba yote, kubwa na SQ, kwa watu tofauti: kila upande uwe na chake, hata kama umbali ni mita 5.